Mama Mbona na Simu Zilizokuwa Zinakatika

Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi na kwenye kadi ya hospitali, na kote kuwili lilikuwa limekosewa, kwa hiyo tuliache hukohuko. Kazini walimwita Mama Mbona. Si kwamba alikuwa na mtoto aitwaye Mbona. Alikuwa na watoto watatu wenye majina mazuri tu, ila kinywa chake kilikuwa hakifunguki bila neno hilo kutangulia. Mbona taa ya choo inawaka mchana? Mbona dereva kanyoa ndevu, kuna nini? Alipokuwa darasa la tatu mwalimu alichoka, akamtoa nje asimame chini ya dirisha mpaka maswali yaishe. Akayauliza kupitia dirishani. Alimaliza la saba, akafaulu, hakuendelea kwa sababu zilezile zinazowazuia wasichana wengi wasiendelee, na tangu hapo udadisi wake akauhamishia kwenye sakafu za watu.

Sakafu aliyokuwa akiipiga deki kwa mwaka wa sita sasa ilikuwa ya shirika dogo la kusaidia watu wenye maradhi ya akili na jamaa zao. Lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, vyumba vinne na stoo. Kwenye mapokezi palikuwa na viti saba vya plastiki, meza ya dada wa mapokezi yenye simu juu yake, na ukutani bango kubwa: MFICHA UCHI HAZAI. PIGA SIMU LEO. Chini yake namba.

Na watu walipiga. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba simu zilikuwa zinakatika.

Dada wa mapokezi alikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na kila simu aliiandika kwa mwandiko ambao ungeweza kuwekwa kwenye fremu. Mwanamume, imekatika. Mwanamke, imekatika. Kijana, imekatika, mtandao. Ukifungua ukurasa wowote ungedhani shirika linaendeshwa kutoka chini ya kisima. Mkurugenzi, mtu mpole mwenye miwani ya kusukumwa kwa kidole kila baada ya sentensi, alikuwa ameshaandika barua tatu kwa kampuni ya simu. Fundi alikuja mara mbili. Akabadilisha waya, kisha akabadilisha simu yenyewe. Mara ya pili akashauri meza isogezwe karibu na dirisha, ikasogezwa, na dada wa mapokezi akawa anaungua jua la asubuhi upande mmoja wa uso. Simu zikaendelea kukatika vilevile.

Mama Mbona alikuwa anapiga deki pale kila siku, mara mbili. Mtu mwenye dekio mkononi haonekani, huo ni ukweli ambao wenye viti hawaujui. Akaanza kuona mambo. Simu ya muuza maji ya kunywa ilikuwa haikatiki. Simu ya mke wa mkurugenzi ilikuwa haikatiki, hata pale mwenyewe mkurugenzi alipotamani ikatike. Simu ya mchumba wa dada wa mapokezi ilidumu mpaka sikio likapata moto. Zilizokuwa zinakatika ni zile za watu wenye shida tu, na zilikatika mahali pamoja.

Mahali penyewe palikuwa kwenye fomu. Fomu ilitengenezwa kwa ajili ya wafadhili, maswali kumi na manne. La kwanza majina matatu. La pili umri. La tatu mtaa na namba ya nyumba. La nne mgonjwa ni nani na mna uhusiano gani. Yakaendelea hivyo, elimu, dini, shirika umelisikia wapi, mpaka la kumi na nne, maelezo mafupi ya tatizo, ambalo liliachiwa mstari mmoja na nusu chini kabisa ya karatasi, pale ambapo kalamu huwa imeshachoka. Dada wa mapokezi aliuliza kama alivyofundishwa, kuanzia juu kushuka chini, kwa sauti nzuri ya kutulia. Wengi hawakufika swali la nne.

Siku moja Mama Mbona akaegemea dekio lake.

"Mwanangu, mbona mtandao wenyewe unakatika ukifika kwenye mtaa? Mtandao gani huo unaojua kusoma fomu?"

Dada akacheka, akamwambia akawaulize wenye kampuni. Akamuuliza mkurugenzi. Mkurugenzi akasukuma miwani, akasema kwa adabu kwamba kila kazi ina mwenyewe. Kwa maneno mengine, mama, shughulika na sakafu.

Angeweza kuishia hapo, maana hata yeye alikuwa na maswali mengine ya kufuatilia. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na jambo.

Katika chumba cha uani alikuwa anakaa mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, fundi cherehani. Mama Mbona peke yake ndiye aliyemwita Kibiriti, tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzimika. Safari hii alikuwa amezimika hakuwaka tena. Mwezi wa tatu huo hashoni. Vitambaa vya wateja vilirundikana kitandani naye akalala pembeni yake kama mgeni. Mlango umefungwa mchana kutwa, sahani inarudi na chakula kilekile. Na wiki hiyo alitoa mkasi wake. Hakuuazimisha, aliutoa kabisa, akampa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, akasema chukua, mimi sina kazi nao tena.

Ambaye hajaishi na fundi cherehani hataelewa. Fundi atakuazima cherehani, atakuazima futi, ukimbembeleza atakuazima hata kiti anachokalia. Mkasi haazimi mtu, hata mamake mzazi akitaka kukata karatasi. Na Mama Mbona, katika miaka sita ya kudeki nje ya mlango wa mshauri, alikuwa amesikia mara nyingi kwamba mtu aliyekata tamaa akianza kugawa anavyovipenda, usingoje. Aliogopa. Alimuuliza mdogo wake kila alichojua kuuliza. Akajibiwa mara moja tu.

"Dada, ukinipeleka kwa hao watu wako, nitaondoka hapa na hutajua niliko."

Sasa utasema, si yuko ndani ya shirika lenyewe, amwambie mshauri. Mshauri alikuwepo, nesi mstaafu waliyemwita Sista, mwanamke wa maana. Lakini ofisi ile ilikuwa na dereva, na dereva alikuwa na mdomo. Jambo likimfikia asubuhi, mchana liko kwa wauza vioo. Na kuna lingine, ambalo alilikiri baadaye kwa shida. Miaka yote alikuwa akiwashangaa wapigaji wanaoona haya, watu wazima wanaogopa nini? Nyani haoni kundule. Leo ilikuwa zamu yake, na haya ilimjaa mpaka masikioni.

Basi akaamua apige simu kama mtu yeyote.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Akaaga kwamba anakwenda kununua sabuni, akashuka, akasimama nyuma ya makasha ya vioo, akabana pua kidogo ili sauti ibadilike. Simu ikapokelewa upesi. Akaanza, ana mdogo wake. Dada wa mapokezi akamkatiza kwa upole uleule, samahani mama, kabla hatujaendelea, majina yako matatu. Akataja matatu ya kubuni. Umri? Akapunguza minne, maana hata kwenye shida mwanamke ni mwanamke. Mtaa na namba ya nyumba?

Hapo ndipo akasikia kitu ambacho kwa miaka sita ya kudeki hakuwahi kukisikia. Nyuma ya sauti ya dada alisikia mapokezi yote. Dereva alikuwa anasimulia kisa cha shemeji yake, viti saba vinacheka, mlango unabamizwa. Akasikia na ndoo yake mwenyewe, mtu kaigonga kwa mguu, mkono wake wa chuma ukalia kengele. Ikawa kana kwamba ameitwa asimame katikati ya kile chumba, mbele ya wale watu wote, ataje nyumba yake.

"Mtaa, mama? Halo?"

Kidole kikabonyeza chenyewe.

Alipanda ngazi bila sabuni. Akaenda moja kwa moja kwenye daftari, akasoma juu chini: Mwanamke, miaka 47. Imekatika. Mtandao.

Akavuta kiti cha wageni, akakaa. Kwa miaka sita hakuwahi kukikalia, na dada wa mapokezi alishtuka kuliko angemwona kapanda juu ya meza.

"Mwanangu, hii haikukatika."

"Umejuaje, mama?"

"Niliikata mimi."

Hata dereva alinyamaza, na hilo peke yake lilimtoa mkurugenzi ofisini kwake kuja kuona kuna nini. Akaelezwa. Mama Mbona alingoja kufokewa, alikuwa ameshajiandaa na majibu matatu. Lakini mkurugenzi alivua miwani, akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta anaoupita kila siku.

"Kwa nini ulikata?"

Ukiwa mtu wa kuuliza maisha yako yote, hujazoea kuulizwa. Habari za mdogo wake hakuzisema.

"Nilikuja na swali moja," akasema. "Mkaniuliza matatu kabla sijalitoa. Na nyuma wanacheka."

Mkurugenzi akaomba ajaribu mwenyewe. Mama Mbona akamwekea sharti: asiende kuigiza. Akifika chini afikirie jambo lake la kweli, lolote, linalomnyima usingizi, halafu apige. Na dada aulize kama siku zote, wengine waongee kama siku zote. Mkurugenzi akashuka. Walingoja. Simu ikalia, dada akauliza, akajibiwa jina, akaandika, kisha akabaki ameshika mkono wa simu hewani. Imekatika.

Alichelewa sana kurudi. Aliporudi alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati, akasema mtandao ni mzima. Baadaye dada wa mapokezi aligundua kwamba mkurugenzi hakutaja jina lake, alitaja la binamu yake. Mama Mbona alitamani kumuuliza alifikiria jambo gani kule chini. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza, na anadai lilikuwa la kwanza kulimeza tangu azaliwe.

Siku ya pili wakafanya kikao. Mama Mbona aliingia na sinia la chai, akaambiwa aweke sinia na akae. Kikao hakikuwa kitamu. Mkurugenzi alitetea fomu, wafadhili wanaitaka, bila fomu hata hiyo simu yenyewe itafungwa. Dada wa mapokezi aliwaka kwamba lawama zote zinamwangukia yeye ilhali anasoma alichoandikiwa, na alikuwa na haki. Dereva alisema watu wa siku hizi wana siri nyingi mno, akaangaliwa mpaka akaanza kukoroga chai isiyo na sukari.

Sista ndiye aliyeichukua ile fomu na kuigeuza juu chini. Akasema tuanze huku. Mtu aseme kilichomfanya apige. Akimaliza, aulizwe kama yuko mahali anapoweza kuongea. Kisha aulizwe angependa aitweje, lolote, hata Jiwe. Mengine yasubiri mpaka mwenyewe awe tayari, na asipokuwa tayari, andika hakutaja.

Hapo dada wa mapokezi, ambaye alikuwa bado amenuna, akatoa la moyoni. Kuna mwanamume mmoja simu yake ilipokatika alimpigia, kwa nia njema, akapokea mama mkwe wa mtu huyo. Naye dada akajitambulisha kama alivyofundishwa, jina zima la shirika, neno akili likiwa katikati. Yule mtu hakupiga tena. Dada hakuwahi kumwambia yeyote. Wakakubaliana kwamba kuanzia leo mpigaji aulizwe kama anataka kupigiwa, na akipokea mtu mwingine wajitambulishe vipi.

Likabaki la kelele. Chumba chenye mlango na kisicho na mtu kilikuwa kimoja, stoo. Mkurugenzi akasema stoo ina ndoo, na kwani mapokezi pana ubaya gani, mbona hata bango linasema mficha uchi hazai.

"Ni kweli, bosi," Mama Mbona akasema. "Lakini hata anayezaa hazalii sebuleni."

Sista alicheka mpaka akapaliwa na chai. Stoo ikatolewa.

Ilikuwa stoo ya Mama Mbona, usisahau. Ndiyo sehemu pekee kwenye jengo lile alipokuwa anaweza kuvua viatu na kunyoosha miguu. Alihamishia ndoo zake chini ya ngazi, karibu na makasha ya vioo, na akazibeba mwenyewe. Ndani wakaweka meza, kiti na simu. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, haujifungi, lazima uuvute kwa nguvu mpaka uitikie.

Usidhani mambo yalinyooka kesho yake. Wiki ya kwanza dada alisahau mara nne, akaanza na majina matatu kwa mazoea, akajipiga kofi mdomoni. Kukaa kimya ndiko kulikomtesa zaidi. Mtu anapiga hasemi, unasikia anapumua tu, na mkono unawasha kuandika imekatika. Sista alimfundisha aseme niko hapa, halafu angoje. Kuna aliyepumua dakika kumi na moja, akasema asante, akakata. Kesho yake akapiga tena na kuongea. Mwingine alipoulizwa wakimpigia wajitambulishe vipi alisema wajifanye fundi wa friji, na akipokea mkewe waseme kipuri kimefika. Mwingine alitaka wajifanye wanakwaya. Mama Mbona alikuwa akisoma daftari kila jioni anapofuta ile meza, na neno imekatika likawa linapungua ukurasa hadi ukurasa, mpaka likawa linatokea pale mtandao unapokatika kweli. Mkurugenzi aliwaandikia wafadhili kueleza kwa nini fomu zimejaa hakutaja. Mpaka leo hawajajibu.

Yote hayo yalimfurahisha, lakini hayakuwa yake. Lake lilikuwa bado limejifungia chumba cha uani.

Siku chache baada ya kuhamisha simu aliandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakiweka kando ya sahani, akasukuma mlango.

Mdogo wake alikitazama bila kukigusa. "Umeshawaambia."

"Sijawaambia neno. Na wewe huna haja ya kuwaambia jina."

"Dada, mimi si mtoto. Watauliza tu mpaka wajue."

"Walikuwa wanauliza. Hawaulizi tena."

"Wewe umejuaje?"

Akamwambia. Habari ya kubana pua nyuma ya makasha, habari ya mkurugenzi na binamu yake, habari ya fundi wa friji. Kwenye fundi wa friji aliona upande mmoja wa mdomo wa mdogo wake umejikunja, kidogo tu, kisha ukarudi. Sahani ilirudi imejaa. Karatasi haikurudi.

Zikapita siku tisa. Kila asubuhi kabla ya kutoka alisikiliza mlangoni kama anapumua, kila jioni alirudi kwao mbio kwa umri ule. Hakuuliza kama kapiga. Ilimchoma kama pilipili machoni, lakini hakuuliza. Usiku alimwomba mume wake aende kuomba moto au kuazima nyundo kwenye kile chumba, chochote, ili mtu awe anaingia. Mume wake, ambaye si mwongeaji, alikuwa na nyundo tatu, akaenda kuazima ya nne.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Alikuwa anadeki korido, ndoo ya kwanza, maji hata hayajachafuka. Simu ikalia stoo. Dada wa mapokezi akaingia, akausukuma mlango nyuma yake, na kama kawaida haukuitikia. Ulibaki wazi upana wa kidole.

"Karibu, nakusikiliza." Kisha kimya. "Niko hapa." Kisha kimya kirefu, kile alichofundishwa na Sista. Kisha minong'ono ya simu isiyo na maneno, kama mdudu ndani ya chupa. Dada aliguna, mm, mm, muda mrefu bila kuandika kitu. Mwishoni akauliza, "Ungependa nikuite nani?"

Na baada ya kitambo, "Sawa. Kibiriti. Hapana, Kibiriti, sina haraka yoyote."

Dekio likasimama.

Maswali ya miaka hamsini na moja yalimpanda yote kwa pamoja. Mbona leo? Mbona saa hii? Amekula? Amekaa au amesimama? Atasema nini, atalisema lile la mkasi, atamtaja dada yake, kwa wema au kwa ubaya? Kila jibu lilikuwa nyuma ya upenyo wa kidole kimoja, naye hakuhitaji hata kuinama. Angeendelea kudeki palepale tu. Mtu mwenye dekio haonekani.

Akaweka mkono kwenye kitasa, akauvuta mlango kwa nguvu mpaka ukaitikia.

Kisha akabeba ndoo yake, akashuka ngazi zote, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa karibu na makasha ya vioo, mikono mapajani. Dereva alimkuta hapo.

"Leo naomba nikuulize mimi," dereva akasema. "Mama Mbona, mbona umekaa?"

"Nasubiri sakafu ikauke," akamjibu.

Dereva akachungulia ndani ya ndoo. Maji yalikuwa bado safi, na ndoo imejaa mpaka shingoni. Akafungua mdomo, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaufunga.